Siungi Mkono

Serikali ikitaka kukufunga mdomo siku hizi haikutishi. Inakualika utoe maoni. Mimi naijua tabia hiyo, maana nimeajiriwa na serikali hiyo hiyo, ofisini katikati ya jiji, miaka mingi, na bado nilimshika mdogo wangu mkono nikampeleka mwenyewe.

Mdogo wangu huyo wa kike ana kigugumizi tangu utotoni. Shuleni walimcheka, kanisani walimwombea mbele ya watu hadi akaacha kwenda, na dukani pale mtaani kwao Mutuini alizoea kuonyesha kitu kwa kidole badala ya kukitaja. Lakini mwache peke yake jikoni na simu inayorekodi, anaongea kama maji. Basi akaanza kuweka mtandaoni video za mapishi: muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa, maharagwe, mboga za kienyeji, huku akiwasema majirani bila kuwataja. Watu wakampenda sana. Mama yetu alikuwa akizitazama akishika shavu. "Haki, huyu ni mtoto wangu anaongea hivi?"

Kisha ukaja ule mswada wa mtandao. Yeyote anayeweka video za umma awe na leseni, na kabla ya kuipata ahojiwe ana kwa ana mbele ya jopo. Ati ni kwa usalama wetu. Usalama gani, jamani? Wa muthokoi? Mdogo wangu aliposikia habari ya jopo aliketi akaniambia, "Dada, ha-hapo nimekwisha."

Vijana wa Kilimani, wale wanaofanya kazi na kompyuta mapajani, wakaitisha maandamano. Nilidanganya kazini kwamba naumwa, tukaenda. Tulipuliza filimbi, tukainua mabango, tukala moshi wa vitoza machozi hadi kamasi zikatutoka mbele ya wanaume wazima. Mwishowe afisa mmoja akatoka na kipaza sauti. Kuna kikao cha maoni ya wananchi ukumbini, akasema, ingieni kwa amani, kila mtu ana dakika mbili. Tukashangilia! Wajinga ndio waliwao.

Tukiwa kwenye foleni nilianza kumfunza. Herufi ya p ndiyo adui yake mkubwa, na neno "napinga" lingemkaba koo. Mwenye kigugumizi huliona neno gumu likija kutoka mbali, akalikwepa, akatafuta lingine. "Wachana na napinga," nikamwambia. "Sema siungi mkono. Si ni kitu moja tu?" Akalijaribu mara kadhaa pale foleni. Likatoka safi, nikampiga kofi la furaha mgongoni.

Zamu yake ikafika. Tulikuwa tumekaa safu ya mbele, yeye na mimi bega kwa bega. Akasimama, akapewa maikrofoni.

"Haya, mama," mwenyekiti akasema, "unaunga mkono ama unapinga?"

"Si... si... si..."

Mishipa ya shingo ikamtoka. Nyuma yetu mtu akacheka. Mwenyekiti akatazama saa yake, mshenzi yule, akasema pole pole kama anayeongea na mtoto, "Usiogope, mama. Sema tu."

"Si... si..." Halafu akavuta pumzi, na likafyatuka nusu: "Mkono!"

"Anaunga mkono. Asante, mama. Anayefuata."

Karani akaandika. Mdogo wangu akatikisa kichwa, akakitikisa tena na tena, lakini kichwa hakiandikwi. Maikrofoni ilikuwa imeshachukuliwa.

Sheria ikapita. Ripoti ya kikao ilipotoka, mdogo wangu alikuwa ndani ya kurasa zake, ametajwa pamoja na mapishi yake, mwananchi wa kawaida aliyeunga mkono. Vijana wale wale tuliopigwa moshi pamoja nao wakaisambaza. Wakaingia kwenye video zake wakamwita msaliti, kibaraka, mwanamke wa kununuliwa kwa soda. Hakumjibu hata mmoja. Alizifuta zote, moja baada ya nyingine.

Jumapili nilikwenda Mutuini nikiwa nawaka. Nilimkuta akichagua maharagwe kwenye ungo. Nikamtukana mwenyekiti, nikamtukana karani, nikawatukana wale vijana na mama zao waliowazaa. Aliniacha nimalize. Halafu akauliza, bila kuinua macho:

"Mi-mimi nilikwama, Dada. Wewe ulikwama na ni-nini?"

 Jibu alilijua, maana siku ile ukumbini alinigeukia akaniona. Mpiga picha wa gazeti alikuwa ameelekeza kamera upande wetu, ofisini walijua nimelala mgonjwa, na mimi mwenye mdomo, mimi ninayeogopwa na ukoo mzima kwa huo mdomo, nilivuta leso nikafunika uso, nikaangalia viatu vyangu mpaka mdogo wangu akaketi.