Ng'ombe Wangu Walivyonikosesha Cheti

Bora mnicheke nyote kuliko nicheke peke yangu. Mchumba wangu, kijana wa Maswa, anafanya kazi Norwei, na huko mgeni hafungi ndoa bila cheti cha nchi yake kwamba hajaolewa. Nikakifuata kwa msajili wa ndoa mjini Bariadi, shahidi wangu akiwa baba, kutoka Kasoli.

Njiani nikamwambia, "Baba, ukiulizwa, wataje na ng'ombe wa mahari. Wajue mimi si wa kuokotwa."

Pale kwenye benchi nilishafika Norwei macho wazi. Theluji ilikuwa imetanda kama pamba iliyopasuka shambani, nami nimesimama katikati na shela langu.

"Mzee, binti yako ameolewa?" nikamsikia msajili kwa mbali.

Baba akavua kofia. "Kwetu Wasukuma, ng'ombe wakishaingia zizini, ameolewa. Wameingia wote, na mmoja ameshazaa."

"Ni kweli, dada?"

"Kweli kabisa," nikajibu kwa maringo, bado niko kwenye theluji. "Hata picha zao ninazo."

Msajili akaweka kalamu mezani taratibu.

"Hongera. Sasa cheti cha kutoolewa nimwandikie nani?"