Sauti Nzito Nyuma ya Mlango

Kwa miaka nimeshikilia kwamba ilikuwa redio, nikawaapia hata walimu wenzangu wa Kisarawe, na leo nasema kwa aibu zangu zote: haikuwa redio, nilikuwa mimi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nafundisha, naishi peke yangu, na kila jioni nabisha hodi kwenye nyumba tupu (mnacheka, lakini jaribuni mwaka mzima). Mmisionari mmoja aliporudi kwao aliniachia kinasa sauti cha kuzungusha kwa mkono, basi nikafunga kamba kutoka mkono wake wa kuzungushia mpaka mlangoni, nikainasa humo sauti yangu, nimeifanya nzito kama ya mwanamume, na kila mlango ukifunguka kinasema: "Karibu, mke wangu. Mbona umechelewa leo?" Nikajiona nimeunda mtu.

Kisha Elia, karani wa stesheni ya Soga, upande wa Kibaha, akataka kunioa, akawatuma baba yake mdogo na shangazi yake waje kuniona. Wageni huwa nawapitisha uani, lakini hawa ni wakwe, nikaamua wapite mlango wa mbele, na kwa furaha nikaisahau kamba.

"Karibu, mke wangu. Mbona umechelewa leo?"

Baba mdogo akavua kofia. "Samahani, bwana," akaliambia giza la sebuleni.

Nikaufunga mlango kwa pupa, shangazi akausukuma, na yule bwana akauliza tena vilevile.

"Huyu kalewa?"

"Ni redio, shangazi."

"Redio ya wapi inayojua umechelewa?"

Ningeweza kufunua kitambaa nilichoifunikia mashine, wakaiona. Lakini ningesemaje, kwamba msomi mzima nimejitengenezea wa kuniuliza nilikokuwa? Nikaona afadhali wanidhanie mhuni. Wakaondoka bila kunywa hata maji.

Tangu hapo, wanaotabiri watu wa chuma, mashine za kufanya kazi kama binadamu, wakinisifia nguvu zao, nasema nguvu baadaye, kwanza wapewe macho ya kujua aliyeingia, masikio ya kusikia wanachojibiwa, na haya ya kunyamaza mbele ya wageni. Mpaka watakapopewa hayo, kwangu haitasema tena mashine.

Elia alinipigia simu posta, na karani wa pale akanipa mkono wa simu huku katega sikio.

"Mle ndani kuna nani?"

"Hakuna mtu, Elia. Ni mashine. Sauti ni yangu."

Nikasikia treni ikipita kwake.

"Huyo umemtengeneza mwenyewe, kila neno unalolitaka," akasema. "Afadhali angekuwa mtu, mwalimu. Mtu ningeshindana naye."