Mwaka Presha ya Macho Iliponifungia Ndani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mwaka 2013 pale soko la Kibondo, nilipopita juu ya nyanya za Spesioza nikazikanyaga kama majani. Spesioza alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye akapata uraia, akaolewa huku kwetu. Tuliuza jirani, mimi maharage, yeye nyanya zake kwenye turubai chini.

"Kwani hukuziona?" aliniuliza.

Nikacheka, nikasingizia haraka. Lakini kweli sikuziona. Mbele niliona vizuri, hata uzi nilitunga kwenye sindano. Pembeni ndiko kulikokuwa kunazimika, polepole, bila maumivu yoyote, nami wala sikujua.

Basi watu wakawa wananisalimu kutoka ubavuni, nami napita. Unajua sisi Waha: mtu akikuambia "mwakeye" ukapita kimya, umemdharau. Wakasema nimeota maringo. Spesioza naye akaacha kuongea nami. Nikaona soko zima limenipa kisogo, nisijue nimekosa nini.

Nikaacha kwenda. Nilikuwa najikwaa kila mahali, naogopa moto wa jikoni, naogopa pikipiki barabarani. Hata kanisani sikwenda. Usingizi ukanihama. Na nikuambie jambo ambalo dada zako sikuwaambia: nilifika mahali nikawaza kwamba nikifa nitawapunguzia mzigo. Usiogope, leo nalisema nikiwa mzima. Nilikuwa nimechoka, tena peke yangu.

Siku moja Spesioza akaja, amesimama mlangoni na hasira zake.

"Mugenzi," akasema, maana ndivyo wanavyomwita rafiki kwao, "nimekuja unitukane usoni. Nakusalimu, unanipita kama mti. Nimekukosea nini?"

"Ulinisalimu lini?"

Akanikazia macho. Kisha akaja kukaa ubavuni kwangu.

"Unauona mkono wangu?"

"Mkono upi?"

Alianza kulia yeye, mimi nikafuata.

Kesho yake alinishika mkono mpaka hospitali. Daktari wa macho, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alinipima kwa utulivu, akasema ni presha ya macho. "Kilichopotea hakirudi, mama. Sitakudanganya. Matone haya utayatia kila siku, yalinde kilichobaki."

Nikainuka niondoke. Akaniuliza, "Na usiku unalala?"

Hapo nikamwaga yote, hata yale ya kufa. Hakunishangaa. Alisema huzuni ya namna ile huwapata wengi wanaopoteza kuona, nayo ina matibabu yake. Akanikutanisha na muuguzi mmoja mama mtu mzima, nikawa nakwenda kuzungumza naye. Sikupona mara moja. Kuna siku nilirudi nyumbani nikajifunika shuka mchana kutwa. Lakini siku hizo zikapungua, na Spesioza akanirudisha sokoni, akawaambia watu waje mbele yangu ndipo wanisalimu. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia bado linaniwezesha kukutazama hivi, ukikaa hapo hapo ulipo.

Sasa nisikilize. Ugonjwa huu hufuata damu, na wewe ni damu yangu. Nenda ukapimwe macho kabla hujaona tatizo, kwa maana ukisubiri kuliona, limeshakula. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Moyo ukiwa mzito, mwambie mtu, na uende hospitali kama unavyokwenda kwa homa. Na mwenzako akikunyamazia, mfuate umuulize, kwa sababu huenda yumo shimoni na hana sauti ya kukuita.

Mungu akulindie macho yako, mwanangu, na akupe moyo mwepesi. Uzeeke ukiwa na watu wa kukaa nao, na watoto wako uwaone wakicheka.