Bega la Mjeledi

Pale uwanjani hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Mjeledi, kwa jinsi mikono yake ilivyoipeleka fimbo ya gofu. Alikuwa mwanamke mwembamba kama ufito, lakini mpira wake ulianguka mbali kuliko wa wanaume waliojaza mashati. Wanafunzi walipomuuliza siri yake, aliwashika viwiko.

"Usiikabe fimbo, haijakukosea. Nguvu inatoka kwenye mwendo wa mikono. Wa kushoto unyooke, kiwiko cha kulia kikae karibu na mbavu. Ukishuka, mikono ianguke kwanza, vifundo vyake visubiri. Ukifika kwenye mpira ndipo uviachie."

Kisha anaonyesha, na mpira unapotea machoni.

Asubuhi moja, akimwonyesha hakimu mstaafu, alisikia kitu kikikatika begani. Fimbo ikamponyoka. Akaketi majanini, amelishika bega. Daktari alimpasua, akamshona, na miezi ilipopita akamwambia bila kuzunguka: "Mkono utainuka hadi kifuani, mama. Zaidi ya hapo tusidanganyane."

Alijikaza kisabuni, akarudi kufundisha kwa mdomo. Hakimu alivumilia wiki chache tu.

"Mwalimu, nisamehe. Mimi nisipoona, sishiki."

Akahamia kwa kocha kijana mwenye mabega yake mawili. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mtu na heshima zake, na heshima hizo ndizo zilizomuuma.

Jioni moja, watu wameshaondoka, alimwomba mumewe, mkata nyasi wa uwanja huo, amwekee mpira. Akainua fimbo hadi mkono ulipofikia, akapiga. Mpira ulijikokota kidogo, ukalala.

"Uondoe," alisema.

Mumewe akauokota, akautia mfukoni.

Mjeledi hakukanyaga tena pale. Alishinda nyumbani mapazia yamefungwa, salamu za majirani akizijibu kwa mkato. Siku moja alitoka na beseni la nguo, akakuta kamba ya kuanikia imeshushwa usawa wa kifua. Misumari ilikuwa mipya.

"Nani kakwambia ushushe?" alimuuliza mumewe.

"Hakuna."

"Mashuka yataburuzika chini."

"Yaburuzike. Tutayafua tena."

Aliinama, akatoa shuka kwenye beseni, likimchuruzikia maji miguuni. Kisha akalitupia kambani kwa mkono mmoja, na pindo lake likagusa udongo.