Mkurugenzi Kwenye Jalada

Alhamisi moja ya Desemba, Zakia alitandaza mwaka mzima juu ya kitanda cha bibi yake, pale Isaka, bibi akahamia kwenye kigoda. Picha mia tatu na ushee. Kumi na mbili zingeingia kwenye kalenda, moja ingekaa kwenye jalada, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, pangeandikwa: Zakia Picha, Isaka. Siyo jina la mjomba.

Mjomba Abdulshakur ndiye aliyemfundisha kazi, kama kuwaambia watu "kidevu juu, usicheke" ni kazi. Tangu Januari Zakia alipiga paspoti mbele ya kitambaa cha bluu, na Isaka nzima ikatoka kama watu wanaosubiri hukumu. Aprili akaazima kamera, akapanda basi la Geita. Huko, wachimbaji saba ambao duara lao, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa limetema dhahabu wakataka picha ya kumbukumbu, wakasimama wamempa mgongo, ili ndugu wa nyumbani wasijue nani amepata. Akapiga migongo. Migongo ile ilikuwa na furaha kuliko paspoti zote za mjomba, na hapo ndipo Zakia alipoanza kushuku kwamba mjomba hajui kazi.

Halafu ikaja Juni, harusi ya binti mmoja, Limi, kule Didia. Baba wa bibi harusi, Mzee Bujiku, alitaka kila ng'ombe wa mahari apigwe picha yake, asije mtu kesho akadai yule hakuwemo. Zakia, mtoto wa stendi, akawapiga usoni.

"Hii nini?" mzee akauliza, macho kwenye kioo cha kamera.

"Ng'ombe, mzee."

"Binti, hii ni pua. Ng'ombe ni ubavu. Nionyeshe rangi, nundu, pembe. Mwenye sura ni mtu, tena si wote."

Akaanza upya. Ng'ombe ishirini na wawili, ubavu baada ya ubavu, hata bwana harusi akaambulia picha nne, mbili kati yake ameshika kamba. Wa mwisho alikuwa dume jeusi lenye mabaka meupe, lililoitwa Mkurugenzi kwa kuwa lilikula kuliko wote na hakuna aliyewahi kuliona likifanya kazi. Jua lilikuwa limelilalia ubavuni. Zakia alipobonyeza, alijua ameupata upande wake. Kuanzia siku hiyo kila aliyekuja mbele yake, bibi harusi, shehe, dereva wa lori, Zakia alimzunguka kwanza kama mnunuzi mnadani, akitafuta upande wake. Isaka wakamwita mpiga picha wa ng'ombe. Wakamcheka, wakapanga foleni.

Jalada, basi, lilikuwa la Mkurugenzi. Ila kumtundika ng'ombe wa mtu kwenye kuta za watu bila ruhusa ni kutafuta kesi, na mchapaji wa Kahama alitaka kila kitu kesho yake, Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni. Mchana huohuo Zakia akaenda Didia.

Mzee Bujiku alipoiona picha nusura aiamkie. Aliyekataa ni mkewe.

"Unajua nani atainunua kwanza?" Mama Limi akasema. "Mama mkwe wa mwanangu, kule Songwa. Dume lilitoka kwake. Atalitundika sebuleni. Limi akichelewesha ugali, yule mama hatasema neno. Atainua macho ukutani tu."

"Mwaka mzima," mzee akasema, sauti imempungua.

"Mwaka mzima, Baba Limi. Na mwaka una milo mingapi?"

Zakia angeweza kuweka keki ya harusi, kama kalenda zote za nchi hii, na mwaka wake ungeisha kwa sukari ya watu wengine. Lakini asingeweza kumtundikia Limi deni ukutani.

"Tumuulize mwenyewe," akasema.

Wakapiga simu, wakaweka spika. Limi akasikiliza, akacheka.

"Mwambieni mama, ukuta unatazamwa hata sasa, na kalenda hakuna. Weka. Ila na mimi niwemo, kando yake. Mama mkwe akitazama walichotoa, atazame na walichopata."

"Picha hiyo sina," Zakia akasema.

"Basi nakuja asubuhi."

Zakia akalala Didia, yaani akalala macho wazi. Saa tatu asubuhi bodaboda ikaingia uani. Limi akashuka, gauni la harusi amelikusanya mapajani. Nyuma yake akashuka mama mkwe mwenyewe, Mama Athanas, mkoba kwapani. Zakia akaiona keki ya harusi ikirudi kwenye jalada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mpiga picha ndiye wewe? Naambiwa dume langu linakwenda kwenye kalenda."

"Ndiyo, mama, kama mtaridhia."

"Na mkwe wangu anasimama nalo."

"Ndiyo, mama."

"Dume hili nimelilea tangu ndama. Limenipiga mateke hapa na hapa." Akaonyesha hapa na hapa. "Sasa mimi nasimama wapi?"

Kumbe mkobani kulikuwa na kitenge kipya na hereni. Zakia akamweka Mama Athanas upande wa kichwa cha dume, Limi akasimama usawa wa bega lake, na Mzee Bujiku akaja kusimama katikati.

"Wewe shika mkia, Baba Limi," mkewe akamwambia. "Nzi wanamsumbua."

"Ng'ombe ni wangu."

"Ni wako. Shika mkia."

Limi akaangua kicheko, mama mkwe akaangukia bega lake akicheka naye, na Zakia akabonyeza, akabonyeza tena.

Mama Athanas akaitazama picha kwenye kioo.

"Nimelizidi dume kwa uzuri," akasema.

"Kabisa, mama," Limi akajibu.

"Kachapishe, mwanangu. Na kalenda mbili zangu, moja ya jikoni."

Zakia alikuwa ameshapanda bodaboda, kamera imebanwa kifuani, akimgonga dereva begani: Kahama, kaka, na usisimame popote.