Viwavi Wenye Pembe wa Nyantende

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kule Nyantende, viwavi wenye pembe waliingia katika shamba letu la viazi vitamu. Walikuwa wanene kama kidole gumba cha mtu mzima, wengine kijani, wengine kahawia, kila mmoja na kipembe kilichopinda mkiani. Katika juma moja majani yakaisha.

"Usimuguse," aliniambia Koko, mama yake baba. "Ule mududu anatumwaka na mutu. Ukigusa ile pembe, mukono itakauka."

Na aliyewatuma alikuwa ameshapatikana: Mama Nsimire, jirani yetu mjane, kwa sababu shamba lake lilibaki salama. Hakuna aliyejali kwamba yeye alipanda maharage peke yake, ambayo viwavi hao hawali. Mama huyo ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi tangu mama yangu alipofariki.

Nilifanya kwa hasira, si kwa akili. Nilichukua kiwavi mmoja wa kijani na mmoja wa kahawia, kwa mkono mtupu, nikawashika hata pembe, nikawaficha katika kopo la maziwa ya unga lenye udongo na majani ya viazi. Kila asubuhi nilianza kwa kukunja na kukunjua vidole, nione kama bado vinanitii. Viwavi wakajizika. Nilipofukua nilikuta vitu viwili vigumu vya kahawia, kila kimoja na kishikio kama cha jagi. Nikavifunika tena, nikangoja.

Wiki kadhaa baadaye, Jumapili baada ya misa, tonton yangu mkubwa, kaka yake baba, aliwaita wazee wa ukoo uani kwetu. Mama Nsimire aliambiwa ahame kabla ya mvua. Hakulia. Aliuliza tu, "Nitaenda wapi na batoto yangu?"

Hapo nikaleta kopo, nikalifungua mbele yao. Ndani walikuwa nondo wawili wakubwa, wa kijivu, tumbo lenye mistari ya waridi, wamefanana kabisa.

"Huyu tunamujua," nikasema. "Anakunywaka mu maua ya pa mulango kila magaribi. Kiwavi ya kijani na ya kahawia, bote banakuwa huyu. Nilibagusa pembe na hii mukono yangu. Muangalie, haikukauka!"

Tonton akanizaba kofi. "Mutoto hasemake mbele ya bazee! Piga magoti, omba pardon."

Shavu liliwaka moto. Nikabaki nimesimama. Mzee mmoja aliinama juu ya kopo, akasema taratibu kwamba hata kwake kipepeo huyo yuko, na hajawahi kumdhuru mtu. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na kikao kikavunjika. Hakuna aliyemwambia tena Mama Nsimire ahame. Hakuna pia aliyemwomba radhi.

Koko alinuna siku nyingi, na alifariki bila kubadili neno lake. Sikumchukia. Njaa ilikuwa mlangoni, naye alitaka mtu wa kumlaumu. Lakini mtu aliyempata alikuwa na watoto watatu na nyumba moja.

Leo nafundisha biolojia Bukavu, na najua kwamba vitabuni nondo yule anaitwa sfinksi. Kila mwaka hakosi mzazi wa kuja kunigombeza kwamba nawashikisha watoto wadudu wa uchawi. Namsikiliza mpaka amalize. Kesho yake nawapeleka watoto tena shambani.