Gari Letu Lilipolazwa Nyeri

Niliponunua gari jipya, jipya kabisa, viti bado vina plastiki, nilidhani shida za usafiri nyumbani kwetu Mweiga zimekwisha. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mwalimu mwenye gari la dukani alikuwa mtu. Kabla hata sijauzoea usukani, gia ya tatu ikaanza kuruka. Unaiweka, inajitoa. Nikalirudisha Nyeri mjini nilikolinunua, nikaambiwa nisijali, lina waranti: watalitengeneza bure, mradi asiliguse fundi mwingine yeyote. Akiligusa, waranti imekufa.

Nikaliacha kwao, na kazi yangu ikawa kukaa kwenye benchi.

Karani wa pale alikuwa bwana mpole mwenye tai, na upole wake ndio uliokuwa ukinichoma. Angekuwa mkorofi tungegombana nikapumua. "Mwalimu, spea iko njiani." Njia gani? Imetoka ng'ambo. Safari nyingine iko bandarini Mombasa. Safari nyingine imefika Nairobi, lakini kumbe ni ya gari ya aina ingine. "Jaribu Ijumaa, mwalimu." Nilijaribu Ijumaa nyingi sana. Siku moja nilipiga meza yake ngumi, akainuka akaniletea chai. Utamfanya nini mtu kama huyo? Nikainywa, nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Ingekuwa mimi peke yangu ningevumilia. Lakini mama alikuwa ametoa ahadi. Dada yake mkubwa aliolewa mbali, Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, na kwa miaka mingi walikuwa wakionana mazishini tu. Mazishini hakuna mazungumzo. Mnalia, mnapika, mnaagana. Kwa hiyo gari lilipoingia nyumbani, mama alimtuma mwanamke mmoja aliyekuwa akileta mchele soko la Karatina: mwambie dada yangu nakuja kumwona, na nakuja na gari ya mtoto wangu. Akajaza gunia la viazi vya kumpelekea, vile vikubwa vya kuchagua.

Gunia likakaa mlangoni. Viazi vikaanza kuchipua, tukavila, mama akajaza vingine. Nikamwambia, "Maitu, basi ziko nyingi. Twende Jumamosi."

"Na si nilisema nakuja na gari?" akanijibu. "Nishuke kwa basi na gunia mgongoni, waniulize gari iko wapi, niseme ati imelazwa Nyeri? Hapana. Nitangoja."

Kiburi hicho nakijua, maana nimekirithi. Kila nilipotoka mjini nilimkuta langoni. Alitazama tu kama nimekuja kwa miguu. Nilimkasirikia karani, nikakikasirikia kiwanda na meli na bandari, lakini kilichoniuma ni yale macho ya mama. Yeye na dada yake walikuwa wamezeeka. Niliogopa kwamba watakutana tena mazishini, na safari hiyo mazishi yawe ya mmoja wao.

Alasiri moja ya manyunyu tukasikia hodi. Mama mkubwa alikuwa amesimama uani, viatu mkononi, mzigo wa mchele mgongoni. Alikuwa amepanda basi mpaka Karatina, lingine mpaka Nyeri, lingine mpaka kwetu.

"Nimengoja hiyo gari yenu mpaka nimechoka," akasema. "Nikaona nikuje nione kama ni kweli iko."

Mama alimkimbilia. Alicheka, akalia, akaupokea mzigo, akauangusha.

Mgeni wetu alikuja kulala siku mbili. Alipotaka kuaga, mama alimkatalia: atarudije kwa basi na ana mtoto mwenye gari? Angoje litoke, apelekwe mpaka mlangoni kwake. Mama mkubwa alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Wakawa wanashinda jikoni kwenye vigoda, wakimenya viazi, wakiwasema watu nisiowajua, wakicheka mpaka wanafuta machozi kwa vitambaa vya kichwa. Mama akaanza kuimba akikamua ng'ombe, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu baba afariki. Mimi nikaendelea kwenda mjini na hasira zangu.

Kisha siku moja karani akanipokea kwa tabasamu. Spea imefika, imefungwa, gari limejaribiwa barabarani. "Kuja kesho asubuhi, mwalimu, uchukue." Nilikwenda stendi nikipiga mluzi. Wakati wa chakula nikawatangazia habari hizo. Mama mkubwa alisema Mungu asifiwe, basi ataanza kukusanya vitu vyake. Mama akaanza kuondoa vyombo, na sisi bado tunakula.

Asubuhi nilivaa koti nikatoka. Mama akanifuata mpaka langoni.

"Unaenda wapi?"

"Maitu, si nilisema? Gari iko tayari."

Akageuka akatazama jikoni. Dada yake alikuwa ndani, anachochea moto, anaongea peke yake. Muda wote ule nilikuwa nagombana na watu kwa ajili ya mama, na nilidhani siku hiyo atanibariki. Alinishika mkono wa koti.

"Gari ikiingia hapa, dada yangu ataenda," akasema. "Waambie waangalie tena. Gari haikosi kasoro."

Nilikwenda Nyeri. Karani aliponinyooshea ufunguo, hata kabla sijaliwasha gari, nikamwambia kuna kelele naisikia kwenye breki.